Samaki wa Siku ya Tano

Orval Stenquist hapasui mawe mchana.
Jua la Wyoming likiwa utosini
jiwe huwa uso mtupu, sahani iliyooshwa,
na samaki aliyemo hajionyeshi.
Husubiri giza. Kisha huilaza taa chini,
ubavuni mwa jiwe, mwanga upite ukitambaa,
ndipo uti wa mgongo unapojiinua
mwembamba kuliko uzi, pamoja na kivuli chake.

Kiangazi kile nilikuwa kibarua wake,
dola kumi na mbili kwa saa na supu ya maharage.
Kazi yangu kushika taa.
Yeye aligonga patasi kidogo, tak, tak,
kama anayebisha mlango wa mgonjwa,
na jiwe likafunguka kurasa mbili.

Jumapili alikuwa shemasi.
Kanisa la mbao nyuma ya kituo cha mafuta,
watoto tisa, na somo lake lilikuwa lile lile:
siku sita, saa ishirini na nne kila moja,
wala usiongeze dakika.
"Mungu akisema siku hahitaji mkalimani."

Mjukuu wake Dessa, miaka kumi na mmoja,
alikaa juu ya ndoo na sindano ya bibi yake
akihesabu mistari ubavuni mwa jiwe:
mweupe, wa kahawia, mweupe, wa kahawia.
Alifika mia tatu na arobaini
na hakuwa amemaliza upana wa kiganja.
"Babu, huu ni mwaka, na huu mwaka mwingine?"
"Hiyo ni Gharika."
"Ilikuja mara ngapi?"
Orval akaomba taa isogezwe.
Nikaisogeza, ingawa ilikuwa pale pale ilipotakiwa.

Halafu Alhamisi tukampata yule:
mrefu kama mkono hadi kiwiko,
na kooni mwake mkia wa samaki mwingine.
Tonge lilimshinda. Wakafa pamoja,
mlaji mdomo wazi, mliwa kichwa ndani.
Dessa akacheka, kisha akaacha.
"Hawa walikufa kabla ya Adamu kula tunda?"

Upepo ukapiga turubai.
Nilijua anachofundisha: mauti yaliingia kwa mlango mmoja,
na mlango huo ulikuwa mdomo wa mtu.
Mbele yake palikuwa na mdomo mwingine.
Akafuta vumbi kwa brashi ya kunyolea, muda mrefu,
mahali pasipokuwa na vumbi.

Sikuulizwa, lakini giza hulegeza ulimi.
Nikasema: kwetu siku huanza jua linapozama.
Usiku huu ni wa Ijumaa, Alhamisi imeshakwenda zake.
Na hiyo mnayoiita saa saba ya asubuhi
sisi ni saa moja.
"Mnaishi vipi hivyo?"
"Hatuchelewi kuliko ninyi."

Akatoa sauti puani.
"Jioni kwanza," akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa.
Jioni, kisha asubuhi. Miaka arobaini nasoma
nikiwa nimeishika siku miguu juu."
Alikaa kimya mpaka taa ikaanza kunuka mafuta.
"Na jua halikuwepo hadi siku ya nne.
Zile tatu, sijui nani alizipima."

Asubuhi alirudi kwenye saa zake ishirini na nne
kama mtu anayerudi kwenye viatu vyake.
Jumapili akasoma sura ya kwanza, sauti kavu,
ila kati ya jioni na asubuhi alinyamaza
hadi mtoto mmoja akalia na mama yake akamtoa nje.

Mnunuzi alikuja kutoka Denver na dola elfu mbili.
Orval akamwambia yule samaki ameshauzwa.
Yuko jikoni, ukutani, mkabala na friji.
Nililala chumba cha pili, nilikuwa nikisikia:
saa nane za usiku, mlango wa friji,
taa yake ndogo ikilala ubavuni mwa jiwe,
na mzee amesimama kwa soksi.
Hachukui maziwa. Hafungi mlango.
Bibi Lavonne anaita kutoka kitandani
kwamba umeme si bure.